Idara ya dharura wakati wa mlipuko: Goma, anza getini

Goma imeona milipuko ya kila namna. Julai 1994 kipindupindu na kuhara damu viliua wakimbizi kwa makumi ya maelfu ndani ya wiki chache. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola mjini alifika kwa basi akitokea Butembo. Mwaka uliofuata ikaja corona, na 2024 mpox, ugonjwa wa vipele, ikaingia hadi kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya mji. Magonjwa haya hayaambukizi kwa njia moja, lakini idara za dharura huanguka kwa makosa yaleyale. Mgonjwa anafikishwa kitandani kabla mtu hajamuuliza swali hata moja. Oksijeni inaisha saa nane za usiku. Wauguzi wanaugua mmoja baada ya mwingine. Na mama anayetoka damu anaachwa nje kwa sababu kila mtu anaogopa kumgusa.

Maelezo haya ni ya hospitali ya kawaida ya mjini: vitanda 10 hadi 15 vya dharura, wagonjwa 60 hadi 80 kwa siku, umeme unaokatika bila taarifa, na maji ambayo siku nyingine hufika kwa bidoni. Pesa zikiwa chache, na huwa chache, tumia kwa mfuatano huu: geti, maji na klorini, oksijeni, kisha mavazi. Mashine kubwa za kupumulia zije mwisho kabisa.

Geti

Fungeni njia zote za kuingilia, ibaki moja. Mlango wa nyuma ambao wafanyakazi hupitia "kwa haraka tu" ndio utakaoingiza ugonjwa, kwa hiyo ufungwe kwa kufuli na ufunguo akae nao mlinzi. Mlango wa kutokea uwe mwingine.

Nje ya geti, kabla ya jengo lolote, jengeni kibanda cha mbao na shitingi (turubai la plastiki) chenye paa na kilicho wazi pande mbili au tatu. Mvua ya Goma haisubiri, na paa likivuja watu watakimbilia ndani na mpangilio wote utavunjika siku hiyohiyo. Weka meza mbili zikifuatana, au uzio wa kamba mbili, ili anayeuliza na anayejibu watengane kwa mita 2. Muulizaji akae upande upepo unakotoka, umpitie mgongoni kabla ya kumfikia mgonjwa. Usibahatishe upande huo: washa kijiti cha ubani uone moshi unakokwenda, asubuhi na tena mchana, maana upepo wa ziwani hugeuka.

Mambo hapo getini hufuatana hivi. Kunawa mikono, barakoa kwa kila anayekohoa, kipimo cha joto bila kugusa, kisha maswali. Lakini kabla ya yote hayo ni kutazama kwa macho, sekunde 10 tu: anapumua kwa shida? amepoteza fahamu? ana degedege? anatoka damu nyingi? ana uchungu wa kuzaa? Mmoja wa hao haulizwi maswali kumi. Anaingizwa moja kwa moja kwenye chumba cha kuokolea maisha cha upande wa shaka, na aliyemleta ndiye anayeulizwa.

Msimweke getini mwanafunzi wa mazoezi au muuguzi mgeni kwa sababu tu kazi yenyewe inaonekana ya kukaa na karatasi. Hapo ndipo penye uamuzi mgumu kuliko yote hospitalini, na panahitaji muuguzi mzoefu anayezungumza Kiswahili na angalau lugha moja zaidi ya wanaofika, Kinande, Kihunde, Kinyarwanda au Mashi. Apokewe na mwenzake kila saa 4. Baada ya hapo macho huchoka na kila mtu anaanza kuonekana mzima.

Kipimo cha joto cha paji la uso hudanganya. Aliyeletwa na motari (dereva wa pikipiki ya abiria) amepigwa upepo, paji lake ni baridi. Aliyesimama juani paji lake ni la moto. Mkalishe kivulini dakika 5 kwanza. Halafu uliza swali linalosahaulika sana: "Leo umekunywa dawa gani?" Paracetamol ya asubuhi huficha homa mpaka mchana. Anayesema alikuwa na homa jana ahesabiwe kuwa ana homa leo.

Maswali yafuate maelezo ya mgonjwa wa kushukiwa yanayotolewa na Zoni ya Afya (ofisi ya afya ya serikali katika eneo lenu), yaandikwe kwenye karatasi moja yenye tarehe na kubandikwa mezani. Maelezo hayo hubadilika kadiri mlipuko unavyosonga, kwa hiyo karatasi ya zamani ichanwe siku mpya inapokuja. Kwa Ebola uliza safari na mazishi ya siku 21 zilizopita, kuuguza mgonjwa, na kutoka damu kusikoeleweka. Kwa mpox mwombe aonyeshe mikono, uso na midomo, kisha umuulize kwa faragha kuhusu vipele sehemu za siri; watu wazima wengi huanzia hapo, na hawatakutajia mbele ya foleni. Tundika pazia. Kwa kipindupindu swali ni moja: ameharisha maji mara ngapi tangu jana?

Na dirisha la malipo lisogezwe nyuma ya geti la uchunguzi. Mahali ambapo mtu anaombwa amana kabla ya kutazamwa, maskini mwenye homa hurudi nyumbani na kulala na watoto wake kitanda kimoja. Uchunguzi wa getini uwe bure na iandikwe hivyo kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili.

Njia mbili zisizokutana

Gawanya idara pande mbili: upande wa shaka na upande wa kawaida. Ukuta si lazima uwe wa tofali. Shitingi iliyonyooshwa toka sakafuni hadi darini inatosha, mradi isiwe pazia la kusukumwa kwa mkono. Chora sakafuni mstari mwekundu upande wa shaka na wa kijani upande wa kawaida. Mwenye kuingia upande mwekundu harudi nyuma kwa njia aliyojia. Anasonga mbele hadi kwenye chumba cha kuvulia mavazi kama ni mfanyakazi, au hadi kwenye kituo cha matibabu, kwa gari la wagonjwa, kama ni mgonjwa.

Upande wa shaka usiwe chumba kimoja kikubwa. Kati ya wanaoshukiwa kuwa na Ebola wengi wana malaria au homa ya matumbo, na mkiwalaza pamoja ninyi ndio mnaowaambukiza. Kila mmoja apate kijumba chake, hata cha mbao na plastiki cha mita 2.5 kwa 3, chenye choo au ndoo yake. Nafasi ikikosekana kabisa, watenganishe wenye majimaji (wanaotapika, wanaoharisha, wanaotoka damu) na wakavu wenye homa tu.

Vifaa vidogo viwe seti mbili kamili: kipima presha, oksimita (kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu), tochi, puto la kupumulishia na barakoa zake za mkubwa, mtoto na mtoto mchanga. Puto moja likigawanywa na pande mbili, usiku litakuwa upande ambao halihitajiki. Upande wa shaka uwe pia na kisanduku cha uzazi: vibanio viwili vya kitovu, wembe safi, oksitosini (dawa ya kuzuia damu baada ya kuzaa) ya yuniti 10 kwa sindano ya msuli, vitambaa vya kufutia mtoto, na puto la mtoto mchanga. Oksitosini ikae kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8. Anayetoka damu kwa mimba iliyoharibika na anayetoka damu kwa Ebola hufanana mlangoni, na ndipo akina mama hufa, mlangoni, watu wakibishana nani amguse. Jibu ni kuvaa kwa dakika 5 na kumhudumia papo hapo upande wa shaka, bila kungoja kipimo.

Karatasi iliyoingia upande mwekundu haitoki. Soma vipimo kwa sauti juu ya uzio na mwenzako aandike upande wa pili, au bandika karatasi kwenye plastiki angavu aipige picha. Plastiki angavu ina faida nyingine kubwa. Huko Beni, wakati wa Ebola, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu ambavyo daktari humhudumia mgonjwa akiwa nje, na ndugu humwona mgonjwa wao. Hospitali isiyo na vyumba hivyo bado inaweza kuweka dirisha la plastiki ngumu kwenye ukuta wa shitingi. Uvumi mwingi wa "biashara ya Ebola" ulikua kwa sababu watu waliona ndugu zao wakiingia na hawakuona kilichoendelea ndani.

Hewa

Kwa magonjwa ya njia ya pumzi, dirisha lililo wazi linashinda mashine ya bei. Shirika la Afya Duniani linapendekeza lita 60 za hewa mpya kwa sekunde kwa kila mgonjwa kwenye wodi inayotegemea upepo. Hakuna atakayepima hizo lita. Unachoweza ni kuhakikisha kila chumba kina matundu pande mbili zinazotazamana. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu kisitumiwe kwa wanaokohoa, hata kikiwa kizuri. Usiku wagonjwa hufunga madirisha kwa baridi. Goma iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na saa kumi za alfajiri si mchezo. Gawa blanketi la pili badala ya kugombana juu ya dirisha.

Maji na klorini

Hesabu maji kwa bidoni za lita 20, kwa sababu ndivyo yanavyofika. Mgonjwa wa kupita getini anahitaji lita 5. Aliyelazwa kawaida lita 40 hadi 60 kwa siku, yaani bidoni 2 au 3. Wa kipindupindu lita 60. Wa homa ya kutoka damu lita 300 hadi 400, bidoni 15 hadi 20 kwa mtu mmoja kila siku, kwa sababu ya kufua, kuosha na kuvua mavazi. Namba hii ya mwisho ndiyo inayowashtua wasimamizi. Kama huwezi kuhifadhi maji ya siku 2 ndani ya uzio, usikubali kulaza wagonjwa wa aina hiyo. Wapokee, wape huduma ya kwanza, wahamishe.

Klorini ni ya nguvu mbili: asilimia 0.05 kwa mikono (pale tu sabuni au spiriti ya mikono inapokosekana) na asilimia 0.5 kwa sakafu, vitanda, buti na ndoo. Ukiwa na unga wa klorini wa HTH wa asilimia 70, ndoo ya lita 20 ya nguvu ya 0.5 inataka gramu 143, sawa na vijiko 10 bapa vya chakula. Ndoo ya 0.05 inataka gramu 14, kijiko 1. Ukitumia vidonge vinavyotoa gramu 1 ya klorini, weka 5 kwa kila lita kupata 0.5, au 1 kwa lita 2 kupata 0.05.

Maji ya javel (klorini ya maji ya kufulia) ya dukani yasomwe vizuri, maana chupa nyingi huandikwa kwa digrii na si kwa asilimia. Digrii 12 ni kama asilimia 3.8. Kwa hiyo sehemu 1 ya javel kwa sehemu 6.5 za maji ndiyo inayotoa 0.5, kwenye ndoo ya lita 20 ni javel lita 2.6. Kanuni ya "moja kwa tisa" ambayo wengi wameikariri ni ya javel ya asilimia 5, na ukiitumia kwa ya digrii 12 unapata dawa dhaifu inayonuka sawasawa na ile kali. Pua haipimi klorini.

Changanya kwenye ndoo ya plastiki, nje, ukiwa na glavu, miwani na barakoa. Maji kwanza, unga baadaye. Koroga kwa mti, subiri nusu saa, tumia maji ya juu yaliyotulia. Chokaa inayobaki chini huziba bomba na pampu. Andika kwenye ndoo nguvu, tarehe na saa, kisha mwaga kila baada ya saa 24. Ikikaa juani hufa mapema zaidi. Usiichanganye kamwe na siki, dawa ya vyoo au mkojo mwingi, hutoa gesi inayochoma mapafu.

Uchafu hula klorini. Damu au matapishi yakimwagika, yafunike kwa kitambaa, mimina 0.5, acha dakika 10 hadi 15, okota, osha kwa sabuni, kisha pitisha 0.5 tena. Anayemimina klorini juu ya tope na kufuta papo hapo amelowesha tope tu. Na watu hawanyunyiziwi klorini, si mgonjwa wala mfanyakazi wala ndugu. Inachoma macho na ngozi, haiui kilichomo mwilini.

Ardhi ya Goma ni jiwe la volkano. Shimo la taka la mita 2 ni kazi ya wiki nzima ya nyundo, na penye nyufa maji machafu hukimbia mtu asikojua. Vyoo vya upande wa shaka vijengwe juu, kwenye jukwaa lenye tanki, na taka laini zichomwe kwenye pipa la lita 200 lililotobolewa chini na kuwekewa wavu. Sindano ziende kwenye boksi gumu, na boksi lifungwe likijaa robo tatu. Anayeshindilia sindano ili boksi lichukue zaidi ndiye atakayechomwa.

Oksijeni

Hapa fanyeni hesabu kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mtungi mkubwa wa lita 50 ukijazwa kwa bar 150 una lita 7,500 za oksijeni. Mgonjwa wa lita 5 kwa dakika anautumia saa 25. Wa lita 10 anaumaliza kwa saa 12 na nusu, wa lita 15 kwa saa 8 na dakika 20. Wagonjwa sita wa lita 5 kila mmoja hula lita 43,200 kwa siku, karibu mitungi sita, na kila mtungi lazima ubebwe, ujazwe na urudishwe. Mashine za kusukuma oksijeni nyingi puani hutumia hadi lita 60 kwa dakika. Moja inamaliza mtungi mzima kwa saa 2 na dakika 5. Mkipewa zawadi ya mashine hizo, ulizeni kwanza oksijeni itatoka wapi.

Konsentreta, ile mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, ndiyo farasi wa kazi. Ya lita 10 ikiwa na kigawanyio inahudumia wagonjwa wawili wa lita 5. Inakula umeme wa wati 600 hivi, kwa hiyo nne ni wati 2,400, na jenereta ya kVA 5 inazibeba bila kulia. Weka kidhibiti cha umeme kati ya ukuta na mashine, kwa sababu umeme ukirudi ghafla ndipo kadi za ndani huungua. Iache sentimita 30 kutoka ukutani. Kichujio cha sponji kioshwe kwa sabuni kila wiki, na kikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mashine ikipiga kelele ya usafi mdogo wa oksijeni, kabla ya kumwita fundi angalia kichujio na joto la chumba; mara nyingi ni hayo.

Mitungi ni ya akiba, ya saa umeme unapokatika. Kila konsentreta iwe na mtungi mmoja uliofungwa kwa mnyororo ukutani, umeshawekewa saa ya presha na mrija, ufunguo umefungwa kwa kamba hapohapo shingoni. Muuguzi wa usiku asitafute ufunguo gizani. Viungo vipimwe kwa povu la sabuni, na visipakwe mafuta wala vaselini, kwa kuwa mafuta na oksijeni ya presha huwaka. Mbabula (majiko) na makaa vikae uani, mbali.

Oksijeni itolewe kwa kipimo. Mrija wa pua ni lita 1 hadi 5, barakoa ya kawaida 6 hadi 10, barakoa yenye mfuko 10 hadi 15, na mfuko usibonyee mgonjwa anapovuta pumzi. Aliye katika hatari mpandishe hadi oksimita isome asilimia 94. Akitulia, mkubwa abaki kwenye 90 na kitu, mjamzito 92 hadi 95. Kumwacha mtu kwenye 99 kwa lita 10 ni kumnyima jirani yake. Pitia kila kitanda kila saa 4, punguza lita 1, ngoja dakika chache, tazama.

Oksimita nayo ina kasoro zake. Vidole baridi, rangi ya kucha na mtetemo huiharibu. Na kwenye ngozi nyeusi huelekea kusoma juu kuliko ukweli, jambo ambalo kila muuguzi wa kwetu anapaswa kulijua. Kwa hiyo hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima anayezidi 30 ni mgonjwa sana hata kama kidole kinasema 93.

Mgonjwa wa corona anayehitaji oksijeni apewe deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10. Asiyehitaji oksijeni asipewe. Anayejiweza alale kifudifudi saa kadhaa kwa siku, mto mmoja chini ya kifua na mmoja chini ya nyonga. Haigharimu kitu na mara nyingi hupandisha namba.

Mwenye pumu upande wa shaka asiwekewe mashine ya mvuke, kwa sababu husambaza matone hewani. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako chake tundu la ukubwa wa mdomo wa kopo la salbutamol, ziba kingo kwa plasta. Puliza mara moja, avute pumzi 4 hadi 6 kupitia mdomo wa chupa, rudia hadi mipulizo 4 mpaka 10. Chupa ni ya mgonjwa mmoja, ikimaliza kazi inachomwa.

Mavazi

Mavazi yalingane na ugonjwa. Kipindupindu kinataka glavu, aproni na buti. Corona inataka barakoa ya hospitali, miwani, joho na glavu, na barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo za hewani, kwa anayevuta makohozi au kuweka bomba la koo. Mpox ni hayohayo pamoja na N95, na mashuka yakunjwe taratibu bila kukung'utwa, maana magamba ya vipele hubeba virusi. Ebola inataka kufunika ngozi yote, glavu jozi mbili, aproni nzito na buti za mpira. Kuvaa mavazi ya Ebola kwa kila homa si usalama: mavazi yanaisha, watu wanapungukiwa maji mwilini, na siku Ebola ya kweli inapokuja ghala ni tupu.

Maambukizi mengi hutokea wakati wa kuvua. Asivue mtu peke yake. Mwenzake asimame mita 2 mbele yake na kumsomea hatua moja moja, naye anawe mikono iliyo ndani ya glavu baada ya kila hatua. Aproni, glavu za nje, joho akilikunja nje-ndani, miwani akishika kamba ya nyuma, barakoa ya mwisho kwa kamba za nyuma, glavu za ndani, mikono. Anayeharakisha ni yule aliyekaa ndani zaidi ya saa moja na sasa anatokwa jasho machoni. Kwa hiyo saa iandikwe ubaoni mtu anapoingia, na dakika ya 50 aitwe kwa jina.

Hesabu ya ghala: watu 2 kila mara, mara 3 kwa zamu, zamu 3, ni seti 18 kwa siku, seti 252 kwa wiki mbili. Agiza ukibaki na za siku 10. Barabara za Kivu na mashua za Bukavu hazitii kalenda ya ghala.

Wagonjwa ambao mlipuko hauwahusu

Malaria, uzazi, ajali za pikipiki na risasi haziendi likizo. Afrika Magharibi kati ya 2014 na 2016 watu wengi walikufa kwa malaria, surua na uzazi kwa sababu vituo vilifungwa au viliogopwa. Upande wa kawaida uwe na wafanyakazi wake, dawa zake na daktari wake, na asiazimwe kwenda upande wa pili katikati ya zamu. Wenye kisukari, presha, kifafa na wanaotumia dawa za kupunguza makali wapewe dawa za miezi 2 au 3 wasirudi kupanga foleni. Kipimo cha malaria kikisema ndiyo, mtibu malaria, lakini hakimtoi upande wa shaka. Mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili.

Kipindupindu kikali hakingoji maabara. Mtu wa kilo 50 aliyekauka kabisa anahitaji maji ya mshipani ya Ringer lita 5 kwa saa 3: lita 1 na nusu katika nusu saa ya kwanza, lita 3 na nusu katika saa 2 na nusu zinazofuata. Mtoto chini ya mwaka mmoja hupewa taratibu zaidi, mililita 30 kwa kilo kwa saa 1, kisha 70 kwa kilo kwa saa 5. Sindano nyembamba haitoshi kwa mkubwa. Weka mbili, mikono yote.

Walinda mgonjwa na motari

Mgonjwa wa Goma haji peke yake. Ruhusu mlinda mgonjwa mmoja kwa kila kitanda, asiyebadilishwa, mwenye kitambulisho cha rangi na barakoa. Ukiwakataza wote, nani atamlisha na kumgeuza usiku? Muuguzi mmoja hawezi kufanya hayo kwa watu 12, na ndugu watapita dirishani. Chakula kipokelewe getini kwa nyakati mbili maalumu za siku, kihamishiwe kwenye vyombo vya ndani, na sufuria ya nyumbani isiingie upande wa shaka.

Daftari la getini liandike jina, umri, avenii (mtaa), kata, jina la mkuu wa nyumba kumi na simu. Liandike pia simu ya motari aliyemleta, na abiria wa tatu kama alikuwepo. Wanaofuatilia waliokutana na mgonjwa huipata familia, lakini motari hupotea, naye ameshabeba watu 20 siku hiyo. Mkimlaki kwa ukali hatatoa namba wala hatamleta mgonjwa mwingine, atamshusha barabarani. Mpe ndoo, sabuni na klorini ya 0.5 ya kuosha kiti, na umweleze kwamba jina lake halitatangazwa.

Vipimo, na kurudi hali ya kawaida

Kipimo cha Ebola kilichochukuliwa ndani ya siku 3 za kwanza za dalili kinaweza kusema hapana kwa makosa. Mgonjwa abaki kwenye kijumba chake, kirudiwe baada ya saa 72 za dalili kutimia. Siku hizo za kungoja ndizo ngumu kuliko zote kwa familia, kwa hiyo kila jioni saa ileile mtu mmoja, siku zote yuleyule, atoke getini awaeleze hali yake. Sampuli iwekwe kwenye vifungashio vitatu, kimoja ndani ya kingine, na iandikwe saa dalili zilipoanza, si saa mgonjwa alipofika.

Mfanyakazi aliyeguswa na damu au majimaji bila kinga aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi, aripoti ndani ya saa hiyohiyo, na apimwe joto mara mbili kwa siku kwa siku 21, huku mshahara wake ukiendelea. Mshahara ukikatwa, wa pili hataripoti.

Mlipuko wa Ebola hutangazwa kwisha siku 42 baada ya mgonjwa wa mwisho kuthibitika kupona au kuzikwa. Bomoeni kwa mpangilio: vijumba vioshwe kwa 0.5 na kuachwa wazi juani, magodoro yaliyopasuka yachomwe, mbao na shitingi nzima zihifadhiwe zikiwa na namba ili zisimamishwe tena kwa siku moja. Konsentreta zihamie wodi ya watoto, ambako nimonia haikuwahi kuondoka, na ziendelee kuwashwa kila siku. Mashine iliyofunikwa miezi sita mara nyingi haiwaki siku inayohitajika. Kibanda cha getini kisibomolewe. Kibaki na meza yake, ndoo yake na muuguzi wake mzoefu.